Ugonjwa Utokao kwa Ng'ombe Asiyeumwa

Mtu atokaye Bunia akishika njia ya kaskazini, akaipita Djugu, hupanda nchi ya vilima mpaka afike mahali ambapo baridi ya alfajiri humfanya atafute blanketi la pili. Huko ndiko Kpandroma. Ni nchi ya maharagwe, viazi na kabichi, na tena ni nchi ya ng'ombe. Ukisimama juu ya kilima waona malisho yamevizunguka vijiji, na chini bondeni kijito. Ng'ombe hunywa hapo, akina mama huchota maji hapo, na ikifika sikukuu matumbo ya ng'ombe aliyechinjwa huoshwa hapo hapo. Twamwomba msomaji akishike kijito hicho akilini, maana tutakirudia.

Mwaka wa 2003 ulikuwa mwaka wa machozi katika Ituri. Vita vilivyoanza mwaka wa 1999 vilikuwa vimekwisha kuua makumi ya maelfu ya watu, na wengine wengi zaidi walikuwa wamekimbia makwao. Mwezi wa Mei askari wa Uganda waliondoka Bunia, na mara mapigano yakaushika mji. Mwezi wa Juni yakaja majeshi ya Ulaya, wengi wao Wafaransa, kuutuliza. Macho ya watu wote yalikuwa Bunia. Lakini kule juu, katika nchi ya Kpandroma, watu walikuwa wanashikwa na adui asiyebeba bunduki: walikuwa wanahara damu.

Kuhara damu si jambo geni kwetu. Watu wazima wa mashariki ya Kongo wanaukumbuka ugonjwa ulioanza upande huu mwishoni mwa mwaka wa 1979, wakati nchi ikiitwa Zaire, ukaenea mpaka Rwanda, Burundi na Tanzania. Wanaikumbuka pia Goma ya mwezi wa Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipolala juu ya mawe ya volkano bila maji: kwanza kilikuja kipindupindu, kisha kuhara damu, na kwa muda wa mwezi mmoja walikufa watu wapatao 50,000. Basi mtu yeyote aliyeona damu katika choo cha mtoto wa Kpandroma angesema pasipo kufikiri sana, Ni ule ule.

Safari hii kinyesi cha wagonjwa kilipimwa katika maabara, na mwaka wa 2004 wataalamu wakatoa ripoti yao. Miongoni mwao alikuwamo Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa, yule aliyefika Yambuku mwaka wa 1976 Ebola ilipotokea huko, na Yves Germani wa Taasisi ya Pasteur ya Bangui. Walikuwa wamekuta kijidudu kiitwacho Escherichia coli O157. Jina hilo lafanana na namba ya motokari, nasi tutakiita O157 tu. Lililo kubwa ni hili: makao ya kijidudu hicho ni tumbo la ng'ombe. Tena si ng'ombe aliyekonda, wala anayekohoa. Ni ng'ombe mzima, mwenye manyoya yanayong'aa, anayetoa maziwa kila asubuhi.

Ili tuone uzito wa habari hii yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa maradhi ya ng'ombe. Walikijua kimeta vizuri. Ng'ombe akifa ghafula, damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani, wenye busara walikataza nyama yake isiliwe, na wenye tamaa walioila walizikwa. Mwaka wa 1876 Robert Koch, daktari wa wilaya huko Ujerumani, alionyesha kwa hadubini kijidudu kinacholeta kimeta; lakini kanuni yenyewe wafugaji walikuwa nayo zamani. Waliijua na sotoka, iliyopita katika miaka ya 1890 tangu Uhabeshi mpaka kusini kabisa ya Afrika na kuyafagia mazizi. Watu wengi walikufa wakati ule, ila waliuawa na njaa; sotoka yenyewe haimshiki mwanadamu. (Nayo imekwisha duniani: mwaka wa 2011 ilitangazwa kwamba imefutwa kabisa.)

Kwa hiyo kanuni ya wazee ilikuwa moja: mtazame ng'ombe. Akiumwa, jihadhari. Akiwa mzima, kula, kunywa, furahi. Wazungu walipokuja na machinjio na mkaguzi wa nyama mwenye muhuri, kanuni haikubadilika sana. Mkaguzi hupasua maini na mapafu, hutafuta vifuko vya tegu katika nyama, hutazama kama kuna alama za kifua kikuu. Ni kazi njema, na imeokoa wengi. Hata kule Nioka, si mbali na Kpandroma, ambako Wabelgiji walikuwa na kituo cha kuchunguza ng'ombe na malisho chini ya shirika la INEAC lililoundwa mwaka wa 1933, nia ilikuwa kuzidisha nyama na maziwa na kumkinga ng'ombe na maradhi yake mwenyewe. Ng'ombe asiyeumwa hakuna aliyemwuliza habari.

Sasa twende Ulaya kidogo. Mwaka wa 1885 daktari mmoja wa watoto katika mji wa München, Theodor Escherich, alikuwa akichunguza kinyesi cha watoto wachanga. Humo aliona kijidudu chenye umbo la kijiti kifupi, na baadaye kikapewa jina lake. Kilionekana kwa kila mtu, mgonjwa na mzima, na kwa wanyama pia. Kumbe sote tunacho matumboni, mabilioni kwa mabilioni, nacho kwa kawaida hakitudhuru. Waganga wakakizoea, kama mtu azoeavyo kuku wa jirani wapitao uani.

Miaka kumi na miwili baadaye, yaani mwaka wa 1897, Japani ilipatwa na kuhara damu kwa kutisha. Walioandikwa kuwa wagonjwa walipita 90,000. Kijana mmoja, Kiyoshi Shiga, aliyekuwa ametoka tu katika masomo ya udaktari, alikipata kijidudu chenye kuuleta. Ndicho kile kile kilichokuja kuua huku kwetu mwaka wa 1979 na Goma mwaka wa 1994. Kijidudu cha Shiga ni cha watu. Hakikai zizini. Chatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa mikono isiyonawa, kwa nzi, kwa maji yaliyoingiwa na choo. Nacho kina sumu kali ajabu, ambayo mpaka leo huitwa sumu ya Shiga.

Basi vikawapo vitabu viwili. Kimoja cha Escherich, cha kijidudu mpole wa kila tumbo. Kimoja cha Shiga, cha muuaji. Kwa miaka themanini vitabu hivyo vilikaa katika rafu mbalimbali, wala hakuna aliyevifungua juu ya meza moja.

Aliyeanza kuvisogeza karibu alikuwa Jack Konowalchuk, mtaalamu wa Kanada, mwaka wa 1977. Alichukua chembechembe zilizooteshwa katika chupa, ambazo asili yake ni figo la tumbili wa Afrika, akazitilia maji yaliyotoka kwa vijidudu vya Escherich vya namna namna. Baadhi ya maji hayo yaliziua chembechembe zile. Kumbe katika jamaa ya wapole walikuwamo wenye sumu! Habari hiyo ilibaki kwa wataalamu, maana hapakuwa na mgonjwa aliyelia.

Wagonjwa walikuja mwaka wa 1982. Katika majimbo mawili ya Marekani, Oregon na Michigan, watu wapata hamsini hivi walishikwa na maumivu makali ya tumbo, kisha wakahara damu tupu. Jambo la kushangaza ni kwamba wengi hawakuwa na homa, au walikuwa nayo kidogo tu. Waganga walipowauliza walikula nini, jibu lilikuwa moja: mkate wenye nyama ya ng'ombe iliyosagwa, ile iitwayo hambaga, katika mikahawa ya kampuni moja. Katika vinyesi vyao, na katika nyama iliyobaki, kikapatikana kijidudu cha jamaa ya Escherich, namba O157. Kabla ya hapo waganga wa Marekani walikuwa wamekikuta kwa mtu mmoja tu, mwanamke wa California, mwaka wa 1975.

Mwaka uliofuata Mohamed Karmali na wenzake katika hospitali ya watoto ya Toronto waliunganisha kamba ya mwisho. Tangu mwaka wa 1955 waganga walikuwa wakijua ugonjwa mmoja wa ajabu wa watoto: mtoto huhara, apata nafuu kidogo, kisha baada ya siku chache abadilika rangi, awa mweupe kama karatasi, mkojo wapungua, mafigo yakoma kazi. Hawakujua watokako. Karmali alionyesha kwamba watoto hao walikuwa na vijidudu vya Escherich vyenye sumu. Na wengine walipoichunguza sumu hiyo kwa makini, wakakuta ni sumu ya Shiga.

Imefikaje huko? Twajua sasa. Vijidudu navyo vina virusi vinavyovishambulia, na virusi hivyo hubeba maandishi ya sumu toka kijidudu kimoja hadi kingine. Katika Ituri hatuhitaji mfano wa mbali: bunduki iliyoangushwa njiani na askari mmoja huokotwa na mwingine, na aliyekuwa mpole jana, leo ana silaha. Silaha ni ile ile, mkono umebadilika. Na mkono huu mpya ulikuwa unaishi ndani ya ng'ombe.

Kwa nini basi ng'ombe haumwi? Ni kwa sababu sumu ya Shiga haiwezi kudhuru mahali isipopata pa kujishika. Katika mwili wa mtu, mishipa midogo ya damu, hasa ile ya mafigo, ina mahali pa kuishika. Mishipa ya ng'ombe haina. Kijidudu hukaa zaidi mwisho kabisa wa utumbo wake mpana, hula, huzaana, na kila mavi yaangukapo hutoka nayo. Leo ng'ombe huyu anacho, mwezi ujao hana, kisha yule jirani yake anacho. Hakuna jicho la mchungaji wala la mkaguzi liwezalo kumtenga. Katika mavi kijidudu chaweza kukaa hai kwa wiki nyingi, hata miezi. Na vijidudu visivyofika mia moja vyatosha kumwangusha mtu, kiasi ambacho hata kikiwa juu ya ncha ya kisu hukioni.

Hapa tukae kidogo, maana ndipo palipo mlango wa ugonjwa. Fikirini ng'ombe anachinjwa kijijini kwa ajili ya harusi. Amelala ubavuni juu ya majani. Ngozi yake ina mavi yaliyokauka mapajani. Kijana anaichuna, mkono ule ule ulioshika ngozi unashika nyama, kisu kile kile kinachopasua ngozi kinakata mnofu. Utumbo ukitobolewa, yaliyomo yanamwagika juu ya nyama. Nyama yenyewe ndani ni safi. Uchafu uko juu yake. Ukiichoma pande kubwa mpaka nje iive sawasawa, kijidudu hufa, maana moto wa nyuzi 70 chamtosha. Lakini ukiisaga au ukiikatakata ndogo sana, lile lililokuwa nje umelipeleka ndani, na nyama iliyoiva nje na nyekundu ndani ni hatari. Ndiyo maana Wamarekani walipatwa zaidi kwa nyama ya kusaga. Mwaka wa 1993 waliugua kwao watu zaidi ya 700 kwa nyama ya namna hiyo, na watoto wanne wakafa. Mwaka wa 1994 serikali yao iliamuru kwamba nyama ya kusaga ikionekana ina O157 isiuzwe kamwe.

Mlango wa pili ni maziwa. Sisi tuliokulia karibu na mazizi tulinyweshwa maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe, kutoka katika kibuyu kilichofukizwa moshi, na tuliambiwa kwamba kuyachemsha ni kuyaua. Hatuwacheki waliotulea. Lakini kiwele huning'inia karibu na mavi, na mkono wa mkamuaji hupita pote pawili. Moshi wa kibuyu hutia harufu nzuri, ila hautoshi. Tena wako wasemao kwamba maziwa yakigandishwa yamekuwa salama, kwa kuwa uchachu huua vijidudu. Kwa vijidudu vingine ni kweli kiasi fulani. Lakini O157 huvumilia uchachu kuliko wengi wa ndugu zake, na maziwa mabichi yaliyochacha ni maziwa mabichi bado. Anayependa mtindi achemshe kwanza, apoze, ndipo agandishe. Ladha haipotei kama watu wanavyodhani.

Mlango wa tatu ni kile kijito.

Katika Afrika mlango huu ulifunguka wazi mwaka wa 1992, huko Swaziland, ambayo sasa yaitwa Eswatini. Ilikuwa mwaka wa ukame mkubwa. Malisho yalikauka, ng'ombe wakafa ovyo, mizoga na mavi vikatapakaa nchi. Mwezi wa Oktoba mvua ikanyesha, ikavikokota vyote mpaka mitoni. Katika miezi miwili, Oktoba na Novemba, watu waliopita umri wa miaka mitano walifika kwa waganga kwa sababu ya kuhara zaidi ya mara 40,000, mara saba ya ilivyokuwa kawaida ya miezi hiyo. Wachunguzi walikikuta O157 kwa wagonjwa, wakakikuta katika mavi ya ng'ombe, wakakikuta katika maji. Waliokunywa maji yasiyosafishwa na waliokula nyama ya ng'ombe ndio waliopatwa zaidi.

Kisha kikaja karibu nasi. Mwaka wa 1996 watu walihara damu katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, upande wa Lobaye, na chakula kilichoshukiwa kilikuwa nyama ya ng'ombe wenye nundu iliyokaushwa kwa moshi. Aliyeuchunguza ugonjwa huo ni yule yule Yves Germani wa Bangui. Alikuwa pia miongoni mwa walioandika habari za kuhara damu ya mwaka wa 1997 na 1998 katika Kameruni, ambako O157 ilionekana. Kwa hiyo habari za Kpandroma zilipomfikia, hazikumkuta mtu asiyejua atafute nini. Twaona hili ni jambo la kukumbukwa. Ugonjwa husafiri na ng'ombe na maji. Lakini maarifa nayo yalisafiri kutoka Lobaye mpaka milima ya Ituri.

Asije mtu akadhani kwamba ni mambo ya nchi maskini. Mwezi wa Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, Kanada, mvua kubwa ilinyesha kwa siku kadhaa. Karibu na kisima kimoja cha mji palikuwa na shamba lililotiwa samadi ya ng'ombe. Maji ya mvua yaliishusha samadi kisimani, na dawa ya kusafisha maji haikutiwa wala kupimwa ipasavyo. Katika mji usiofikia watu 5,000, wenyeji pamoja na wageni wapata 2,300 waliugua, na saba wakafa. Serikali ya jimbo ikaunda tume chini ya jaji. Watu wengi walitaka kusikia habari za mwenye shamba. Jaji, baada ya kusikiliza mashahidi miezi mingi, alisema kwamba mkulima huyo alikuwa ametunza samadi yake kama inavyotakiwa, wala hana lawama. Makosa yalikuwa kwa waliopewa kazi ya kulinda maji.

Tumeyaandika maneno ya yule jaji kwa makusudi. Katika Djugu ng'ombe si mnyama tu. Kwa ajili ya ng'ombe na ardhi ya malisho watu wamegombana, na katika vita maelfu ya ng'ombe waliporwa, wakaswagwa usiku, wakachinjwa porini. Ukimwambia mkulima Mlendu kwamba ugonjwa watoka kwa ng'ombe, ataweza kusikia kwamba watoka kwa Mhema. Sivyo hata kidogo. Kijidudu hakijui kabila la mwenye zizi. Walendu nao hufuga, Wahema nao hulima, na wote hunywa maji ya vijito vile vile. Tena mtu akihara damu baada ya kula nyama ya karamu, upesi hunong'onwa kwamba ametiwa sumu na adui. Sumu kweli ipo. Lakini haikutiwa na mkono wa mtu. Tungependa maneno hayo yafike penye matanga kabla vijana hawajaanza kutafuta mchawi.

Sasa turudi Kpandroma ya mwaka 2003, tuone vita vilifanya nini. Watu waliokimbia walijazana mahali pamoja, wakichota maji popote. Vyoo havikutosha. Ng'ombe waliookolewa waliletwa karibu na nyumba, wakifungwa usiku penye watu, kwa hofu ya wezi. Aliyechinja alichinja haraka, pasipo machinjio wala maji ya kunawia, na kuni za kuiva nyama vizuri zilikuwa haba kwa yule aliyeogopa kwenda msituni. Milango yote mitatu tuliyoitaja ilifunguliwa kwa pamoja.

Liko jambo jingine lililofanya jina la kijidudu kuwa neno la uzima na mauti, nalo linahusu dawa. Mganga akiona kuhara damu ya Shiga, hutoa dawa za antibiotiki zile ambazo bado zina nguvu, nazo huokoa. Goma walizitafuta sana kwa sababu kijidudu kilikuwa kimekwisha zizoea nyingi kati yake. Lakini kwa O157 mambo yageuka. Kijidudu hiki kikipigwa kwa baadhi ya dawa hizo, katika kufa kwake huachilia sumu kwa wingi. Mwaka wa 2000 waganga wa Marekani waliofuatilia watoto wenye O157 waliandika kwamba wale waliopewa antibiotiki ndio waliozidi kuharibikiwa mafigo. Ndipo wakashauri mtoto wa namna hiyo apewe maji na chumvi za kurudisha nguvu, alindwe, apimwe damu na mkojo, na antibiotiki ziachwe.

Basi ona shida ya mwuguzi wa zahanati ya mlimani. Mbele yake kuna mama amembeba mtoto, na katika kitambaa kuna damu. Ikiwa ni Shiga, kuchelewesha dawa ni hatari. Ikiwa ni O157, kutoa dawa ni hatari. Damu ni ile ile, nyekundu. Wapatao O157 wengi hupona wenyewe katika wiki moja hivi. Lakini watoto kama watano hadi kumi katika kila mia huingia katika ule ugonjwa wa mafigo, na mashine za kusafisha damu zipo katika miji mikubwa, mbali na Kpandroma. Walio katika hatari kubwa ni watoto wa chini ya miaka mitano, na wazee.

Wakati ule wa 2003 mwenye vijiko na chupa hakuweza kujua jibu papo hapo. Kinyesi kilipaswa kusafiri mpaka maabara ya mbali, na jibu kurudi katika nchi yenye vita. Baadaye taasisi ya Profesa Muyembe ilifungua maabara Goma pia, na hiyo ni hatua. Lakini tangu Desemba 2017 vita vilirudi tena Djugu, watu wakajaa makambini, na ng'ombe waliobaki wakaletwa tena karibu na mahema.

Yaliyo katika uwezo wa nyumba ya kawaida si mengi, wala hayahitaji fedha nyingi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Maziwa yachemshwe mpaka yapande. Nyama iive mpaka ndani, isibaki nyekundu. Kabichi iliyooteshwa kwa samadi mbichi ioshwe kwa maji safi na ipikwe. Na samadi ikae lundo miezi kadhaa kabla ya kupelekwa bustanini. Anayechinja anawe mikono kila atokapo katika ngozi kuingia katika nyama, na utumbo uoshwe mbali na kijito, maji yake yamwagwe shimoni. Katika kijito penyewe, wanakijiji wanaweza kupatana: watu wachote juu, ng'ombe wanywe chini. Tumeona mahali walipofanya hivyo kwa kuweka magogo mawili tu na kumchagua mzee mmoja wa kuwakumbusha wachungaji. Watoto walinung'unika wiki ya kwanza, kwa maana ng'ombe walikuwa na njia yao ya zamani.

Na mama akifika zahanati na mtoto anayehara damu, mwuguzi ambaye hana maabara bado ana mdomo wa kuuliza. Je, mtoto alikuwa na homa, au mwili ulikuwa baridi? Walikula nyama gani juma hili, na maji yalichotwa wapi? Nani mwingine nyumbani anahara? Na mara ya mwisho mtoto alikojoa lini? Mama huyajua majibu yote manne.